Gauni la Pacha Wangu

Leo nimefungua sanduku la marehemu mama, hapa Nachingwea, na harufu ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ikanirudisha utotoni.

Katekista alikuwa ametuambia wafu watafufuka kama Yesu. Basi alfajiri ya Pasaka nikachukua gauni la pacha wangu, nikalitandaza juu ya kaburi lake, asije akatoka na sanda tupu mbele za watu. Mama akanikuta pale. Nikajikunja nikisubiri fimbo. Akaliokota lile gauni, limelowa umande, akalipima mgongoni kwangu.

“Halimtoshi tena, mwanangu. Ameshakua.”

Tangu hapo kila Pasaka alishona magauni mawili, moja langu, moja la sandukuni.

Nimelivaa la juu kabisa. Limenikaa sawasawa.