Mtungi Uliolala

Wewe nakuamini, ndiyo maana nakueleza jambo ambalo hata mume wangu nilichelewa kumwambia.

Nilirudi shule na umri wa miaka arobaini na mbili, darasa la jioni kule Tudor. Siku moja mwalimu alituuliza: serikali ikiondoka leo, watu wataishi vipi? Wenzangu karibu wote walisema tutalana. Mimi nikasimama na buibui langu, nikasema la. Nikawaeleza kisima chetu cha msikitini, Mji wa Kale.

Mifereji ya maji majumbani ilikuwa imekauka siku nyingi. Pale kisimani hakuna askari, hakuna karani, hakuna karatasi ya majina. Kila mtu apanga mtungi wake kwenye foleni, aufunga kitambaa chake, basi. Ukienda kuswali, waulaza ubavu. Mtungi uliolala hauguswi. Mwenyewe yuko mbele ya Mola wake.

"Hiyo serikali iko wapi hapo?" nikauliza. Darasa likacheka, mwalimu akaandika maneno yangu ubaoni. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kesho yake mjini kukawa na maandamano. Maduka ya Ndia Kuu yakafungwa, na askari wote wakapelekwa upande wa pili wa kisiwa. Alasiri nililaza mtungi wangu, wa pili kutoka mbele, nikaingia kuswali upande wa wanawake. Kutoka, naukuta umesukumwa ukutani pamoja na mingine mitano. Kwenye nafasi yangu yuko mwanamke nisiyemjua, avuta kamba ya ndoo.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mgonjwa kitandani, hajaoshwa tangu jana. Damu ikanipanda. Nikapiga ukelele: "Mwizi!"

Sikusema "dada, umekosea." Nilisema neno lile, na maji ya udhu hayajanikauka usoni.

Wanaume ndio kwanza watoka kuswali. "Yuko wapi?" "Huyu hapa! Mwizi wa maji!" sauti zikajibu. Fundi wa kushona, jirani yetu, akaja mbio na ubao wake wa kupimia vitambaa. Mwengine aling'oa jiwe kwenye ukuta uliobomoka. Fundi yule namjua tangu niolewe. Ni mtu wa kumkatia paka nusu ya samaki wake. Siku ile macho yake sikuyatambua.

"Basi mpelekeni kituoni," nikasema.

"Kituo gani, mama?" mwenye jiwe akacheka. "Leo kituo ni sisi."

Mwanamke alikuwa amerudi nyuma mpaka ukingo wa kisima. Ukingo ule ni mfupi, wafika magotini tu.

"Wallahi nilidhani mitungi imetupwa!" alilia. "Imelala chini! Kwetu mtungi wa maji husimama!"

"Loo, hata uongo hujui!" akadakia mwenye jiwe. "Ungesema una kiu!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilinitisha kuliko jiwe. Nikajua asema kweli. Sheria niliyojisifia darasani haikuandikwa popote, angeisoma wapi?

Nikapenya, nikasimama mbele yake, visigino vyangu vyagusa ukingo. Nilitaka kusema ni ndugu yangu. Lakini nimetoka kuswali sasa hivi, nitadanganyaje?

"Huyu ni mgeni wangu," nikasema.

"Mgeni wako?" fundi akashangaa. "Si wewe uliyemwita mwizi?"

"Ni mimi. Nilikosea."

"Amekuwa mgeni wako tangu lini?"

"Tangu sasa. Na mgeni hapigwi mbele ya mwenyeji wake. Mwataka kupiga, anzeni na mimi niliyeleta neno."

"Jitenge, mama," akasema mwenye jiwe.

"Sijitengi."

"Jitenge nimesema!"

Nilihisi mkono wa yule mwanamke umeshika buibui langu kwa nyuma. Angeteleza, tungeingia kisimani wote wawili. Midomo yangu yasoma dua.

Fundi akautazama ubao wake kana kwamba mtu mwengine amemshikisha. Akaushusha. "Mgeni ni mgeni," akasema polepole. Kisha akamshika mwenzake kiwiko. "Yakhe, rudisha jiwe la watu ukutani."

Yule alikawia. Alipoliweka, aliliweka pale mkono wake ungelifikia tena upesi.

Tulimjazia mgeni mtungi wake kwanza. Nikamsindikiza mpaka mtaa wa Bondeni, tumeshikana mikono. Hakunishukuru, wala sikustahili.

Darasani nilimwomba mwalimu nisimame tena. Nikawaambia wenzangu, ya kisima niliyowaeleza ni kweli, na ya kulana mliyosema ni kweli pia. Ni watu wale wale, alasiri ile ile, na wa kwanza nilikuwa mimi. Safari hii mwalimu hakuandika kitu.

Sasa nawe msimulie mwenzio. Lakini usianzie pale niliposema mgeni. Anzia kwenye mwizi, na umtaje aliyepiga ukelele kuwa ni mwanamke aliyekuwa ametoka kuswali.