Bodi ya Gemu Juu ya Jiko

Serikali ilipofungulia biashara na kila mtu akaanzisha lake, baba aliacha kahawa ijisimamie, akafungua chumba cha gemu mjini Himo. Mashine kubwa ilikuwa moja tu, ya mbio za magari, iliyovushwa kutoka Kenya. Wateja wakiondoka yeye ndiye aliyebaki akicheza, kona zote zimemkaa kichwani. Chumba kilipofungwa, kasha la mashine alilichukua fundi seremala, na ile bodi yenye chipu za mchezo ikapandishwa nyumbani Mwika.

Mama akaihifadhi kwa namna aijuayo. Kwetu unyevu hauna simile, kwa hiyo kitu cha thamani huwekwa darini jikoni, palepale moshi unapopita, pamoja na mahindi ya mbegu. Sote tuliona amefanya la maana. Bodi ikakaa huko miaka mingi, ikipikwa taratibu.

Baba alipoanza kuugua moyo, alisema anatamani kuucheza mchezo ule tena, hata mara moja. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwenye duka la kompyuta mjini, mtaa wa Njoro, nikaishusha bodi huko. Mwenzangu mmoja alizinakili chipu, nami nikaziweka nakala kwenye programu inayoiga mashine za zamani. Alinitahadharisha kwamba chipu za aina ile hufutika kwa joto. Krismasi ilipofika, Wachaga wote tukirudi nyumbani, nikapanda na kompyuta.

Nilipowasha, kioo kikaleta onyo kwa Kiingereza: nakala ya chipu moja ni mbovu, mchezo hautakwenda sawasawa. Baba aliyasoma maandishi yale madogo bila kukunja uso. Akatazama upande wa jikoni.

Mama hakujua Kiingereza. "Inasemaje?"

"Inatukaribisha," baba akajibu, akabonyeza kitufe.

Gari likaja, barabara haikuja. Palikuwa na vipande vya rangi tu, vimetapakaa. Baba akaendesha kwa kukumbuka, kona hii, kona ile, mpaka akagonga kitu ambacho hakuna aliyekiona. Akaondoa mkono.

"Mbona umeacha?" mama akauliza.

"Macho, mama. Siku hizi hayaoni vizuri. Bodi yako haina neno."

Mama akafurahia bodi, akahangaikia macho. Sikukuu zilipokwisha alimburuta hospitali mjini. Daktari hakuona tatizo. Mama hakuridhika, akamnunulia miwani sokoni, mizito, inayofanya kila kitu kiwe ukungu. Baba akaivaa. Akitaka kusoma gazeti alichungulia kwa juu, mama akipita anaipandisha.

Nilikuwa nikimwona, na ninajuta kwamba sikuwahi kumvuta pembeni nikamwambia: baba, najua, pumzika kidogo. Nilidhani muda upo.

Alipofariki, mama ndiye aliyemvalisha. Alisisitiza azikwe na miwani yake, maana bila hiyo, alisema, mzee haoni.