Wote Saba Walikuwa na Ruhusa ya Kufuta

Mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilijua na nikanyamaza.

Kikundi cha akina mama wasusi wa viondo kule Mitaboni kiliniomba nikitengenezee tovuti. Kila msusi akawa na akaunti yake, yenye picha za viondo vyake na sauti yake mwenyewe akieleza kwa Kikamba kila nakshi aliisuka vipi na alifundishwa na nani. Hizo sauti zilikuwa wazo langu. Nilijipiga kifua kweli kweli.

Nilikuwa nimepanga kwamba viongozi wao saba waweze kusajili wasusi, ila ruhusa ya kufuta akaunti ibaki kwangu peke yangu. Kwenye mkutano mwenyekiti, mama aliyenizidi umri na maneno, akaniuliza kwa upole mbona viongozi saba waliokula chungu kimoja miaka yote wapewe mlango, halafu ufunguo ubaki na mtu wa kutoka mjini. Wenzake wakaguna. Ningeweza kueleza kwamba kumsajili mtu na kumfuta ni mambo mawili, na kila moja lina ruhusa yake. Lakini utabishanaje na mama za watu huku kikombe cha uji wao kiko mkononi mwako? Nikawapa wote ruhusa zote, nikajiambia nitarekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo! Mimi na kesho tumezoeana.

Sasa, kikundi hicho kina desturi yake. Mkutano hauanzi mpaka majina yaitwe, na hawataki jina la marehemu liitwe likose wa kuitika. Mwenzao akifariki, katibu hulipiga jina mstari kwenye daftari kabla ya mazishi. Hiyo ni heshima. Msusi mkongwe kuliko wote alipofariki, katibu akapiga mstari wake, kisha akachukua simu akamtoa na kule kwenye tovuti. Tovuti ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Kwenye daftari, jina bado linasomeka chini ya mstari. Kwangu hakikubaki kitu.

Wiki tatu baadaye binti wa marehemu alipanda ngazi hadi ofisini kwangu hapa Machakos mjini, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa na flashi mpya, bado iko kwenye pakiti. Akaniambia nyumbani hakuna aliyewahi kumrekodi mama yake. Wako na picha tu. Yeye mwenyewe alikuwa amejifungua juzi, na mtoto amepewa jina la nyanya yake. Alitaka siku moja mtoto amsikie nyanya huyo.

Nikatafuta. Nakala ya akiba hujiandika kila Jumapili juu ya ile ya zamani, na mpango huo, ole wangu, ni wangu pia. Jumapili tatu zilikuwa zimepita. Nikampigia katibu, nikitumaini labda aliziweka sauti mahali. Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake: "Nilimtoa vizuri, kabla hatujamzika." Nikamshukuru. Sijawahi kumwambia alichofuta, na sijui ningeanzia wapi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kutenganisha zile ruhusa, nilipokaa hatimaye kuifanya kazi hiyo, kulinichukua asubuhi moja tu.

Lakini siku ile binti alikuwa bado amekaa mbele yangu. Nikamweleza yote, na kosa nikalibeba mwenyewe. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema, "Basi mfungulie tena. Jina tu liwepo."

Nikamfungulia. Nikaandika jina, na binti akainamia kioo cha kompyuta. Chini ya jina la mama yake yakatokea maneno niliyomwandikia kila msusi mgeni, naye akayasoma polepole kwa sauti:

"Karibu, mama. Rekodi sauti yako tuisikie."

Akairudisha flashi mkobani, ingali kwenye pakiti yake.