Mji Ulipopanuka, Majirani Wakahama

Siku ile walipong'oa kibao cha kuingilia Likasi na kwenda kukisimika mbali porini, mwanangu, bado iko machoni pangu. Vijiji vya kando vilikuwa vimetiwa ndani ya mji. Sisi vijana tukacheza barabarani.

Nikafika nyumbani nikihema. Mama yangu alikuwa ameketi mbele ya nyumba hii hii ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, mlango wa pili ukiwa wa Mama Ngoie, ukuta mmoja katikati. Ukikosa moto wa kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, unagonga ukuta, jirani anakuletea kaa la moto. Lakini asubuhi hiyo Mama Ngoie alikuwa amepakia watoto na masufuria kwenye lori, wakahamia Kolwezi, maana kiwanda kilikuwa kimesimama.

"Mama, muji yetu imekuwa kubwa!"

Akanikazia macho. "Weye mutoto, uko na akili kweli? Bantu banaenda, majirani banahama, weye unacheza? Bukari ya sahani moja, ugali ule ule, ukiitandaza ku sinia ya ndoa, itaongezeka?"

Nikacheka, ujana bwana! Jioni akajisahau, akagonga ukuta kuomba moto. Akangoja. Alipokumbuka kwamba hakuna mtu, akalia, nami kicheko kikaniisha.

Leo weye unaniambia umepata kiwanja njia ya Kakanda, kule porini, unahama na mkeo na watoto. Unasema, "Mama, ni Likasi tu." Likasi gani, jamani? Bomba la maji halijafika, umeme haujafika, jirani unamwita kwa simu! Na hapa kwetu nyumba zinaota majani. Natamani kelele, mwanangu. Namtamani hata Mama Ngoie na ugomvi wake wa kuku. Ukiwachukua wajukuu wangu, nitapika kwa ajili ya nani?

Basi sikia. Usijenge mahali kwa kuwa uwanja ni mpana. Jenga pale ambapo ukiita, mtu anaitika. Nyumba ya ng'ambo ya barabara iko tupu, imeharibika paa tu, na mwenyewe anatafuta mtu wa kuingia. Itengeneze, uhamie pale.

Ukikataa sitakulaani. Nitalia, kisha nitapanda pikipiki na mgongo wangu huu mbovu, nije kukuona. Na popote utakapolala, Mungu akupe jirani wa kukuchosha: anayeomba chumvi kila siku, anayekuja kuuliza mbona usiku umekohoa. Amina.