Koti la Kukamia

Mwaka 1986 nilihamishiwa shule moja ya msingi huko Nyaishozi, nikafundisha sayansi darasa la sita kwa kujiamini kupita kiasi. Somo nililolipenda kuliko yote ni silika. Kifaranga cha bata huogelea bila kufundishwa, niliwaambia wanafunzi, na ng'ombe humpenda ndama wake bila kuambiwa na mtu. Jirani yangu Nyirabageni, ambaye hakumaliza hata darasa la pili, ndiye aliyekuja kunipunguzia ujuaji huo.

Yeye na mumewe Leonidas walitoka Rwanda wakiwa vijana. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja mwekundu wa pembe ndefu aitwaye Bihogo. Kwa mila zao mwanamke hakami. Kazi yake ni kuosha na kufukiza kyanzi, chombo cha mti cha maziwa, kisha kukipokea kikiwa kimejaa. Leonidas alikama kila asubuhi akiwa na koti lake la kijivu lililochanika kiwiko, akipiga mluzi uleule mwembamba. Mimi niliuchoka ndani ya wiki moja.

Mwezi wa pili ndama wake alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Leonidas akamchuna, akaipaka ngozi chumvi, akaitandika juu ya gogo mbele ya Bihogo. Bihogo akairamba, na maziwa yakashuka. Nilicheka kwa furaha ya mwalimu aliyepata mfano.

"Unaona, mzee? Hiyo ndiyo silika. Anadanganyika kwa harufu tu."

"Hadanganyiki, Mwalimu," alisema Leonidas. "Anajua mtoto wake amekufa. Mimi ndiye ninayemwomba, naye ananionea huruma."

Nilitikisa kichwa kwa heshima, moyoni nikamhurumia kwa kukosa shule.

Mwezi wa nne Leonidas akafa kwa nimonia. Matanga yalipokwisha watu wakarudi kwao, na nyumba ile ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia ufagio wa Nyirabageni kutoka kwangu. Cassian, jirani wa upande wa pili, akajitolea kukama. Ngozi ipo, chumvi ipo, Bihogo akairamba vizuri kabisa, lakini hakutoa hata tone. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiwele kikavimba. Cassian akasema wazi kwamba ng'ombe anakauka, na yupo mchinjaji wa Nkwenda anayemtaka. Nyirabageni akaendelea kufagia. Bihogo angeondoka, pale nyumbani pasingebaki kiumbe wa kumwita kwa jina.

Asubuhi ya nne nikasikia mluzi. Uleule. Mwili ulinisisimka, sioni aibu kusema. Nikachungulia juu ya ua. Nyirabageni alikuwa amechuchumaa, kavaa koti la marehemu, mikono ya koti imemfika vidoleni, anapiga mluzi vibaya kwa midomo isiyozoea. Mwanamke anakama, tena anapiga mluzi! Kwao hayo ni makosa mawili kwa mpigo. Na maziwa yalikuwa yakigonga kyanzi.

"Usimwambie Cassian," alisema bila kugeuka.

Sikumwambia. Cassian alijua mwenyewe, na majirani wote wakajua, wakajifanya hawajui. Mchinjaji akapelekewa jibu kwamba ng'ombe hauzwi.

Tangu hapo nikawa napita kila asubuhi kabla ya kengele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Ametoa."

Mara nyingi mazungumzo yetu yaliishia hapo. Mke wangu alibaki kule Muleba, na kikombe cha maziwa alichonipa mama yule nilikinywa polepole kuliko ilivyohitajika. Koti hakulifua kamwe. Alisema likifuliwa Bihogo atamkosa Leonidas. Nami sikumuuliza kama ni Bihogo peke yake.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja ya manyunyu, nilimkuta amekaa kizingitini, kyanzi kimejaa magotini pake, analia. Koti lilikuwa ndani, limetundikwa msumarini.

"Nimelisahau," alisema. "Nimechuchumaa bila koti, bila mluzi. Nimemwambia tu, Bihogo, sogea. Akashusha maziwa yote."

Nikafurahi kama mjinga. "Hongera, mama! Hiyo si silika tena, amejifunza. Amekuzoea wewe. Koti hulihitaji tena."

Alijifuta macho kwa kiganja.

"Mwalimu, tulikuwa wawili tunaomngoja Leonidas. Sasa nimebaki mimi."

Nilichukua kyanzi kisije kikamwagika. Yeye akaingia ndani, akalivaa koti, akarudi kukaa palepale.