Jina ni la Mume Wangu, Picha ni ya Ndugu Yangu

Dada mmoja wa huku Maryland ameomba ukurasa huu ufiche sura yake lakini ninyi msimnyime masikio yenu. Majina yote tumeyabadilisha.

Hamjambo wasomaji. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, Mkenya, naishi Riverdale na mume wangu na binti yetu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mume wangu, nitamwita Baba Imani, alisomea unesi huku akibeba mizigo kwenye ghala, na mwaka huu akafaulu mtihani wa leseni. Siku hiyo tulilia wote wawili. Akapata kazi kwenye nyumba ya wazee kule Rockville, wakamwambia anunue sare, aanze Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu hiyo simu ikalia. Nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki, nikamsikia akisema, "Hapana, madam, huyo si mimi." Akarudia tena na tena, kila mara sauti ikishuka. Alipoweka simu chini akaniambia wamechunguza rekodi wakakuta aliwekwa jela ya kaunti kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa, kisha akaachiliwa asubiri kesi. Kesi yenyewe bado iko kortini. Kazi hakuna.

Mume wangu hanywi. Lakini nilimtilia shaka, sitawaficha. Wakati waliosema alikamatwa, alikuwa amesafiri Philadelphia kumsaidia binamu yake kuhama. Mimi nilijua Philadelphia kwa maneno yake tu. Nikamuuliza, "Kweli ulikuwa huko?" Akaniambia, "Mama Imani, hata wewe?"

Tangu hapo tukawa tunaongea mambo ya mtoto tu. Nikamweleza mchungaji wetu, akaahidi kuzungumza naye ili atubu.

Jirani yangu ni Mtanzania, anafanya kazi ofisini. Nilipomfungulia moyo akaniambia, "Shoga, unajitesa bure. Huku rekodi za waliotoka jela si siri. Nenda dirishani pale jela ya kaunti, taja jina na tarehe ya kuzaliwa, watakutolea." Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi nikaenda bila kumwambia Baba Imani. Niseme tu wazi, nilikuwa nakwenda kumfumania.

Mama wa dirishani akaandika jina kwenye kompyuta. Akauliza huyu ni nani wako, nikasema mume. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyezoea kuona wake za watu pale. Kisha akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe.

Jina lilikuwa la mume wangu. Tarehe ya kuzaliwa ni yake, hata anwani ni ya nyumba yetu. Lakini picha ilikuwa ya Moses, ndugu yangu, kitinda mimba wetu, amevaa sweta niliyomnunulia mimi mwenyewe Krismasi.

"Ndiye?" yule mama akauliza.

Ningesema hapana, mambo yangeanza kunyooka palepale. Sijui ni nini kilinishika. Nikajibu, "Ndiye."

Moses aliishi kwetu alipofika Marekani, kisha akahamia kwa rafiki zake Lanham. Nikamwachia namba kwenye peja yake, akanipigia, tukaonana kwenye maegesho ya supamaketi. Sikumsalimia. Nilimwambia tu, "Nimeona picha yako." Akajikunja kama mtoto.

"Siste, niliogopa. Visa yangu iliisha, leseni sina. Waliponiuliza jina, la shemeji ndilo lililonijia mdomoni."

"Na kortini utakwenda?"

"Kama nani?" akaniuliza huku analia. "Ukisema watanirudisha nyumbani. Shemeji ana karatasi zake, atajitetea. Mimi nina nini? Na Mama je, umemfikiria Mama?"

Ndiyo, nimemfikiria. Baba alipofariki, Moses alikuwa bado ananyonya, na Mama alimlea kama yai. Nikipiga simu nyumbani, hata kabla ya kuniuliza hali anauliza, "Mtoto wangu hajambo?" Nimeshindwa kabisa kumpigia tangu siku ile.

Nikamuuliza wakili mmoja anayesaidia watu kanisani, nikijifanya ni habari ya rafiki. Akasema alama za vidole zitamsafisha huyo mume mara moja, ila wataanza kutafuta vidole vile ni vya nani. Na mtu asipotokea kortini, jaji atatoa amri ya kumkamata mwenye jina. Kesi ni mwezi ujao. Baba Imani anaendesha gari kila siku kwenda ghalani. Polisi akimsimamisha kwa taa tu iliyoungua, watamfunga pingu kwa kosa asilolijua, pengine mtoto akiwa kiti cha nyuma.

Jumapili iliyopita mchungaji alimwita mume wangu pembeni baada ya ibada. Aliporudi nyumbani hakula. Akakaa kitandani karibu nami, akasema polepole, "Mama Imani, nimechoka. Kama unataka niseme nilifanya, nitasema. Mradi tu uniangalie tena kama zamani."

Nikakimbilia bafuni, nikafungua maji yote ili asinisikie.

Wasomaji, mtu huyu hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Nikimwambia ukweli, atajua nimeujua siku zote hizi nikamwacha aitwe mlevi na mwongo. Nikimpeleka ndugu yangu mbele ya sheria, nitamwambia nini mama aliyenizaa? Nikinyamaza, ni baba wa mtoto wangu atakayefungwa. Nitukaneni mkitaka, lakini mkimaliza nisaidieni.

Naandika haya nikiwa kazini, bibi ninayemtunza amesinzia kidogo. Nikitoka hapa narudi nyumbani, na Baba Imani ndiye atakayenifungulia mlango. Jamani, nimwambie nini?