Msiba Usio na Mtani

Kambi yetu ya kulinda amani huku Afrika ya Kati ina vumbi kuliko watu. Unaamka nalo, unafua nalo, unalila. Mimi ndiye mpishi, kwa hiyo lawama za vumbi huishia kwangu, kana kwamba nalinunua sokoni. Asubuhi gwaride, mchana doria, jioni maharage, usiku lindo. Kesho tena hivyohivyo, mpaka mtu anasahau leo ni siku gani. Tumechoka. Nasema bila kuona haya, maana hata jenereta limechoka, nalo halikuacha watoto nyumbani.

Koplo Severin ni mtu wa Matombo, Mluguru wa milimani hasa. Kazi yake kambini ni kujaza mifuko ya mchanga na kulinda geti. Jioni alikuwa akipanda juu ya kontena la maji, ndiko mtandao unakoshika, akampigia mama yake, Bi Modesta. Sote tulimjua mama huyo kwa sauti, kwa kuwa simu ya Severin ilikuwa mbovu, haisemi ila kwa kupiga kelele. Swali lake lilikuwa moja: "Seve, umekula?" Na Severin, hata kama sahani yake bado iko jikoni kwangu, hujibu, "Nimekula, mama," apate kushuka akalale.

Bi Modesta alifariki wakati wa masika. Maiti haiwezi kusubiri ndege. Alizikwa kesho yake, karibu na migomba yake. Prisca, dada yake Severin, alituma video ya mazishi. Ikakwama katikati, jeneza likiwa bado juu ya kaburi.

Severin hakulia. Alifunga buti akaenda lindoni. Kamanda alimshika mkono, nasi tukapita mmoja mmoja kumpa pole. Sajini Mikidadi, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye tangu wakiwa kambini Ngerengere hajapata kuonana na Severin bila kutukanana, naye alikuja amevaa nadhifu. Akavua kofia, akakaa kitini, akasema kazi ya Mungu haina makosa, akaondoka taratibu. Tukamsifu kwa busara. Kumbe ndiye aliyekuwa ameharibu.

Tangu hapo sahani za Severin zilirudi jikoni kama zilivyotoka. Akakonda. Kamanda akasema mtu wa namna hiyo hawezi kushika bunduki. Asipobadilika atanyang'anywa silaha na kurudishwa nyumbani kama mgonjwa. Kwa askari hiyo ni aibu ya kufa nayo. Nikamfuata getini na kikombe cha uji, nikamwuliza kwa ukali kama anataka kunifia mikononi.

"Dada Rahel," akasema, "Mikidadi amenipa pole."

"Ulitaka akupe nini?"

"Mnyamwezi ni mtani wangu. Kwetu mtani haji msibani kutoa pole. Anakuja kumkejeli marehemu, anaiga alivyokuwa anatembea, analala kaburini hatoki mpaka apewe kuku. Hapo ndipo tunajua tumezika. Yeye amekaa kwenye kiti kama mgeni. Mama yangu mpaka leo hajashuka."

Nilimkuta Mikidadi akisafisha bunduki, nikamweleza. Akasema aliogopa cheo. Sajini atamtaniaje askari aliyefiwa mbele ya kikosi kizima? Nikamwambia cheo hakiliwi, na mimi nimechoka kumwaga chakula.

Jioni, watu wakiwa bwaloni, Mikidadi akaingia amejifunga shuka langu kama kanga, mgongo umepinda, mwiko wangu mkubwa ndio mkongojo. Alitembea kama bibi anayeteremka mlima wenye utelezi. Akapanda juu ya meza ya Severin, akajilaza chali.

"Waluguru mnakufa ovyo," akasema. "Mnatuchosha kuzika. Bibi huyu alikuwa mchoyo wa ndizi, na mimi sitoki humu kaburini mpaka nilipwe."

Hakuna aliyecheka. Kamanda aliweka kijiko chini. Severin akamtazama mtani wake, mdomo ukamcheza, akatoa mfukoni kopo la samaki la mgao wa doria, akamwekea kifuani.

"Chukua, Mnyamwezi usiye na haya. Toka, tufukie."

Mikidadi akainuka, akakaa ukingoni mwa meza na kopo lake. Akamshika Severin kidevu, akauliza kwa ile sauti tuliyozoea kuisikia kutoka juu ya kontena: "Seve, umekula?"

Severin alifungua mdomo kujibu kama siku zote.

"Bado, mama," akasema. "Sijala."

Ndipo akalia, uso umezama kwenye shuka langu, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Zamu yake ya lindo aliishika Mikidadi. Mimi nikarudi jikoni kusonga ugali mwingine, maana wa mezani ulikuwa umepoa.